Herufi L kwenye Mguu wa Tulia

Mfupa wa farasi hauji wote kwa mara moja. Unaitumbukiza filamu kwenye beseni la dawa ya kwanza, unalitikisa beseni polepole, na mwanzoni huoni kitu, kijivu tu. Taa nyekundu iko juu ya kichwa chako na vidole vyako mwenyewe unaviona kama vya mtu mwingine. Halafu pembeni panaanza kuwa peusi, katikati panabaki peupe, na ule weupe ndio mfupa. Unatoka kidogo kidogo, bila sauti, kama mtu anayeamka hataki kuwaamsha wenzake. Nimestaafu siku nyingi, lakini hadi leo nikisinzia kwenye kiti baada ya chakula cha mchana naliona lile beseni.

Nyie vijana wa mifugo mlikuja kunisalimia na vile vibao vyenu vya kioo vinavyoonyesha mfupa kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Mkaniuliza, "Bibi Damari, enzi zenu mlifanyaje?" Niliwajibu kwa mkato kwa sababu mlikuwa mnaangalia saa, gari la Morogoro linawaacha. Sasa mmeondoka, nyumba imetulia, naandika kwa raha zangu. Na nyie someni kwa raha zenu, hakuna gari humu.

Kwanza mtauliza farasi walitoka wapi Kilosa, kwenye mbung'o wote wale. Ni kweli, farasi na mbung'o hawapatani, wengi walikufa. Lakini kulikuwa na shamba moja la katani, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini, ambalo mwenyewe mgeni alifuga farasi wanne wa kuzungukia mistari ya mkonge. Zizi lao lilifukizwa moshi asubuhi na jioni, na madirisha yake yalikuwa na wavu kuliko hata nyumba ya daktari. Uhuru ulipokuja mwenyewe akafunga mizigo. Azimio la Arusha lilipokuja shamba likawa la umma. Farasi hawakuwa na pa kwenda, wakabaki, na saisi wao, mtunzaji wa farasi Mzee Ramadhani, akabaki nao.

Na mashine nayo ilibaki. Daktari wa mifugo wa kigeni aliyekuwa kwenye kituo chetu aliondoka akaiacha chumbani, mashine ya eksirei ya kubeba, ingawa neno kubeba lilikuwa la kujifurahisha tu. Ilihitaji wanaume wawili wenye migongo mizima. Tuliiita Bibi Harusi, kwa sababu haitembei yenyewe, inafunikwa shuka isiingie vumbi, na haiharakishwi. Ukiiwasha kabla jenereta haijatulia inanuna, na ikinuna umeshapoteza filamu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Stefano. Alikuwa amefanya kazi ya chumba cha giza kwenye hospitali ya misheni huko milimani kwetu, kisha akahamishiwa kwa wanyama, na alikuwa anasema wagonjwa wa sasa ni bora kwa sababu hawasemi uongo kuhusu walichokula. Kucha zake tatu zilikuwa hazioti tena, na ngozi ya vidole ilikuwa ngumu, imepasukapasuka. Ujanani alikuwa akiishikilia filamu kwa mkono mbele ya mashine, kwa sababu hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Kila Jumatatu kabla ya kazi alinionyesha vile vidole. Alivinyoosha tu mbele yangu, akavirudisha mfukoni, tukaanza kazi. Mpaka leo sijawahi kushika filamu mbele ya mashine kwa mkono, nilitumia fimbo ndefu yenye kishikizo iliyochongwa na fundi seremala wa pale sokoni.

Saa ya chumba cha giza hatukuwa nayo. Iliyokuwepo iliharibika kwa mvuke wa dawa. Mzee Stefano alipima muda kwa kuimba. Wimbo mmoja wa kanisani wenye beti nne, ukiimba kwa mwendo wa ibada ya asubuhi, unatosha dawa ya kwanza. Ukiimba kwa mwendo wa harusi picha inatoka hafifu. Ukiimba kwa mwendo wa msiba inaungua. Mimi niliimba hivyo zaidi ya miaka ishirini, na hata kanisani wakianza wimbo ule mikono yangu inatikisika yenyewe, wajukuu wananicheka.

Joto la Kilosa mnalijua. Dawa ikipata moto ule utando wa filamu unalainika, unateleza, picha inavuliwa kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Dawa yetu tuliiweka kwenye mtungi wa udongo, mtungi ndani ya mchanga uliolowana, na tulitanguliza kazi ya chumba cha giza asubuhi mapema. Wageni kutoka wizarani waliona mitungi imepangwa chini ya meza wakauliza kama tunauza pombe ya kienyeji. Mzee Stefano aliwajibu kwamba ipo, lakini inanywewa na filamu tu.

Sasa ukwato. Ukwato wa farasi ni kazi ya subira. Kiatu cha chuma unakitoa. Unausugua ukwato mpaka hakuna mchanga. Chini yake kuna mifereji, na ile mifereji lazima uijaze kitu laini isibaki na hewa. Sisi tuliijaza sabuni ya mche iliyolowekwa ikawa kama ugali. Mara ya kwanza kuachiwa peke yangu niliisahau sabuni. Picha ikatoka na mstari mweusi umepita katikati ya mfupa, kila aliyeuona akasikitika, na farasi wa watu akalazwa zizini wiki tatu. Ilikuwa hewa. Wiki tatu farasi alikula na kulala kwa ajili ya hewa, na nadhani hakuna mfanyakazi wa shamba lile aliyewahi kupata likizo nzuri kuliko ile.

Basi siku ya kwanza niliyokwenda shambani na Mzee Stefano, ndipo nilipomfahamu Mzee Ramadhani. Alikuwa mtu mfupi, kofia yake nyeupe haina hata alama ya tope, na alikuwa ameshika kamba ya farasi jike mwekundu mwenye paji jeupe. Yule farasi alizaliwa mikononi mwake, akamwita Tulia. Alipokuwa akinong'ona "Tulia, Tulia," hukujua kama anamwita au anamtuliza, na nadhani farasi mwenyewe pia hakujua, maana alifanya yote mawili. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba vizuri. Kila kitu kikaenda sawa mpaka Mzee Stefano, amejiinamia kwenye mguu, aliponiambia bila kugeuka:

"Damari, lete risasi."

Alikuwa anataka vile vibati vya risasi, herufi ndogo nzito tulizobandika kwenye kaseti ya filamu ili picha ijionyeshe ni ya mguu upi. Mzee Ramadhani hakujua habari za vibati. Aliruka akasimama mbele ya kifua cha Tulia, amenyoosha mikono.

"Mmeniambia picha! Hamkuniambia risasi!"

Ilichukua muda kumweleza. Nilifungua kiganja nikamwonyesha zile herufi mbili, akazishika, akazipima uzito, akatucheka, nasi tukajicheka. Lakini kwa siku nzima ile hakukaa mbali na kifua cha yule mnyama, na nilipoona hivyo nilielewa kwamba yule hakuwa farasi wa shamba. Kwenye vitabu alikuwa wa shamba.

Tulizunguka sana miaka ile. Magole, Tindiga, mpaka kule Ruaha kwenye miwa, kutazama punda na maksai wa vijiji vipya. Siku moja tukitoka Mikumi wafugaji walitusimamisha barabarani, punda wao anachechemea. Tukashusha Bibi Harusi chini ya jua, tukalipiga picha goti lake, na baada ya siku chache nikarudi na filamu kuwaonyesha. Mzee wao aliinua filamu juani, akaitazama mbele na nyuma.

"Huyu ni punda wangu?"

"Ndiye, mzee. Goti lake hili."

"Na nyama yake mmeipeleka wapi?"

Nikacheka. Naye alikuwa bado ameishika filamu, upepo unaipeperusha, na nyuma yake milima ya Mikumi imekuwa ya bluu kabisa. Alisema taratibu kwamba hakujua kuwa ndani ya punda ni kuzuri namna ile. Wale mbung'o walikuwa wanatula, dereva anapiga honi, na mimi sikutaka kuondoka.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizungukia. Mmeshaona nazunguka.

Zile herufi za risasi zilikuwa L na R, za Kiingereza. L ni mguu wa kushoto, R ni wa kulia. Nilizikuta hivyo na Mzee Stefano alizikuta hivyo. Kisha Mzee Stefano akastaafu, akarudi kijijini kwake milimani, na mwaka uliofuata ukaja waraka kwamba kazi zote za ofisi ziwe kwa Kiswahili. Niliupenda ule waraka. Tulikuwa na moto jamani, hamtaelewa. Mtu ulikuwa unasikia raha hata kuandika neno "jalada" juu ya jalada. Nikasema hata farasi wetu watapigwa picha kwa Kiswahili.

Nilikaa nikafikiri. Kulia ni K. Kushoto ni K. Nikacheka peke yangu. Basi nikaamua: kulia nitachukua L, kushoto nitachukua S. Na kwa kuwa herufi L ilikuwepo tayari, nzima, imeng'aa, kwa nini niitupe? Niliyeyusha risasi ya betri kuukuu ya gari, nikamimina S moja kwenye udongo, na ile R nikaitia kwenye kopo la misumari. Sufuria niliyoyeyushia sikuirudisha jikoni, niwaambie hilo mapema. Nikaandika tangazo kwa mwandiko wa kanisani: L ni kulia, S ni kushoto. Mkuu wa kituo alilisoma akanisifu mbele ya watu wote, na mimi nikatembea siku nzima nimenyoosha shingo.

Sikufikiria filamu za zamani. Zilikuwa kwenye kabati, na bahasha zake zililiwa na mchwa, zimebaki filamu tupu zenye jina la farasi, mwaka na herufi yake.

Akaja daktari mpya, Daktari Elia, kijana mrefu, mpole, anaweka kalamu sikioni. Msimu uleule tukaitwa shambani, Tulia anachechemea mguu wa mbele wa kulia. Tukapiga picha miguu yote miwili ya mbele, kama ilivyo kawaida, ule mzima ukiwa wa kulinganishia. Nikaziweka herufi zangu mpya, L kwenye kulia na S kwenye kushoto.

Siku ya kusafisha filamu nilikuwa ndani ya chumba cha giza, niko ubeti wa tatu. Daktari Elia alikuwa nje amefungua kabati, amekuta kwamba Tulia aliwahi kupigwa picha miaka miwili kabla yake, wakati mimi nikiwa likizo ya uzazi na Mzee Stefano akiwa peke yake kazini. Daktari hakuwa mjinga. Ndiyo maana aliuliza. Alisogea mlangoni akasema:

"Dada Damari, hii L ni kulia?"

Nikakatisha wimbo, nikajibu, "Kulia, Daktari! Tangazo si lipo ukutani?" Nikaendelea na ubeti wangu.

Sikuuliza ameshika filamu ipi. Alikuwa ameshika ile ya zamani.

Picha zilipokauka akazipanga kwenye kioo cha dirisha. Kwenye filamu ya zamani, L, kulikuwa na ufa mwembamba kwenye mfupa wa ndani ya ukwato. Kwenye mpya, L, kulikuwa na ufa, mkubwa zaidi. Akaniambia kwa huzuni kwamba mguu ni uleule, ufa ni wa miaka miwili, haukuunga, sasa umeongezeka, na mfupa wa namna hiyo hautaunga tena. Kumwacha ni kumtesa.

Tulikwenda shambani kumwambia meneja, na meneja hakuhitaji kubembelezwa. Farasi asiyefanya kazi na anayekula mahindi, kwake yeye alikuwa ni kupe kama kupe mwingine. Akaagiza bwana nyama, askari wa wanyamapori, kutoka Mikumi aje na bunduki Jumamosi. Mzee Ramadhani alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Daktari," akasema, "ule wa zamani ulikuwa mguu wa kushoto. Mimi ndiye niliyeufunga. Huu wa sasa ni mwingine."

Daktari akanitazama mimi. Na mimi, Damari wa tangazo la ukutani, nikainua ile filamu ya zamani juani, nikamwonyesha mzee wa watu herufi ambayo hakuweza kuisoma.

"Mzee, wewe umesahau. Picha haisahau. Hii ni L, na L ni kulia."

Akaitazama herufi. Akanitazama mimi. Akavaa kofia yake, akarudi zizini, na tulipokuwa tunaondoka nilimuaga kwa heshima zote, hakuitikia. Nilisema moyoni ni uzee. Hilo nalo naliandika hapa, mlione.

Jumamosi asubuhi Daktari Elia alikwenda na Landrova Tindiga kuchanja ng'ombe, akitoka huko apitie shambani. Mimi nilibaki kituoni kurudisha filamu kabatini. Jua lilikuwa linaingia dirishani, linapita ndani ya ile mifupa, na vivuli vya kwato vimelala sakafuni. Nilikuwa nimetulia kabisa, karibu nisinzie. Nikachukua ya kwanza, mpya, L. Ya pili, mpya, S. Ya tatu, ya zamani, L. Ya nne, ya zamani, R, ile isiyo na ufa ambayo hatukuipandisha dirishani.

Nikazitandaza mezani. Farasi mmoja, miguu miwili ya mbele, herufi tatu.

Kama R ipo, basi R ndiyo kulia. Na kama R ndiyo kulia, ile L iliyo pamoja nayo, iliyobandikwa na Mzee Stefano, ilikuwa kushoto, kama alivyosema mzee. Ufa wa zamani ulikuwa mguu mwingine, na Tulia aliutembelea miaka miwili bila kuchechemea. Huu mpya haukuwa na miaka miwili. Ulikuwa na wiki moja, na mfupa wa wiki moja una haki ya kusubiriwa.

Nililia kwanza. Sitawadanganya kwamba nilikimbia moja kwa moja. Nilikaa chini pale kwenye vivuli nikalia kwa aibu, si kwa ajili ya farasi, kwa ajili ya vile nilivyoinua ile filamu mbele ya mtu mzima. Kisha nikajaribu simu ya shamba, haikuita. Nikaazima baiskeli ya mhudumu wa ofisi, baiskeli ya kiume, nikakunja sketi, nikafunga filamu mgongoni kwa kanga kama mtoto, nikaondoka.

Safari ile naikumbuka kama ndoto, na huenda nusu yake ni ndoto. Nilikanyaga pedeli na barabara haiishi. Mistari ya mkonge inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga, na mwisho wa kila mstari naona farasi mwekundu amesimama, nikikaribia hayupo. Joto linacheza juu ya vumbi. Wanawake wenye majembe wakanipungia wakasema, "Pole na safari, mama, mtoto asianguke!" Nikawaitikia asante. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuimba bila kujua, ule wimbo wa chumba cha giza, na nilikuwa nimeshaurudia mara ambazo zingeunguza filamu zote za Tanzania.

Nilipofika bwana nyama alikuwa amekaa kwenye kigogo anakunywa chai, bunduki imeegemezwa ukutani, anamsubiri daktari atoe neno. Meneja yuko kivulini. Na Mzee Ramadhani alikuwa anamwogesha Tulia. Alikuwa na ndoo na kitambaa, anamsafisha taratibu, shingo, mgongo, tumbo, anabadilisha maji, bila haraka, kama anavyooshwa mtu mara ya mwisho. Sikuweza kuliangalia lile. Nilitupa baiskeli chini, nikapiga magoti kwenye tope la maji yake.

"Shikamoo, Mzee. Ulisema kweli. Ulikuwa kushoto. Mguu huu ni mwingine. Kosa ni langu mimi, si la daktari na si lako."

Alimaliza kusuuza paja. Kisha akasema, "Marahaba. Simama, unachafuka."

Daktari Elia alifika na vumbi la Tindiga usoni, nikamweleza mbele ya wote, nikazipanga filamu nne kwenye kioo cha Landrova. Alizitazama. Kalamu ikaanguka kutoka sikioni.

"Nilikuuliza mlangoni," akasema.

"Uliniuliza. Nilikujibu bila kutazama."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alimgeukia Mzee Ramadhani akamwomba radhi, kijana aliyesoma, mbele ya meneja wake, na mimi nikamheshimu tangu siku hiyo mpaka alipohamishwa. Bwana nyama akamaliza chai, akachukua bunduki yake. "Basi, shughuli yangu leo ilikuwa chai," akasema, akaenda zake. Jumatatu niliandika barua ya kosa langu kwa mkuu wa kituo, tangazo nikalibandua, na kuanzia hapo tuliandika neno zima juu ya kila filamu, kushoto au kulia, kwa wino, hata kama linaficha nusu ya picha.

Lakini farasi alikuwa bado hajapona. Meneja alitupa muda mpaka mwisho wa masika. Baada ya hapo, bila karatasi ya daktari, angemwita tena yule wa Mikumi. Fundi wa reli alitufulia kiatu cha chuma cha duara, kisicho na upenyo nyuma, kinachobana ukwato usitanuke. Tulia akafungiwa kwenye chumba kidogo cha zizi asizunguke, na Mzee Ramadhani akahamia humohumo na mkeka wake. Mvua ikanyesha wiki kwa wiki. Nilipokuwa nikienda kuwasalimia niliwakuta wote wawili wamesimama wanatazama mvua, wala hawakunisikia nikiingia.

Masika yalipokwisha tukapiga picha. Niliimba beti nne kwa mwendo wa ibada ya asubuhi, polepole kabisa, na mfupa ukatoka, na ufa ulikuwa bado upo. Mwembamba, lakini upo. Daktari Elia alitazama mpaka macho yakamtoka maji. Picha za kwato ndivyo zilivyo, wanangu, mstari unaweza kubaki hata mnyama ameshapona, na unaweza kubaki kwa sababu hajapona, na picha haikwambii ni ipi. Tulijua hilo kwa vitabu. Meneja alikuwa anataka karatasi siku hiyohiyo.

"Bado naona mstari," Daktari akamwambia Mzee Ramadhani. "Siwezi kusema uongo kwenye karatasi."

"Usiseme," Mzee akajibu. "Shika kamba."

Akampa daktari kamba ya farasi. Akatuongoza mpaka kwenye sakafu ya saruji walipokuwa wakifungia marobota ya katani, akamwambia daktari akimbie naye, aende na kurudi. Yeye mwenyewe akatugeuzia mgongo, akafumba macho. Daktari Elia akakimbia na miguu yake mirefu, na Tulia akakimbia pembeni yake. Nilikuwa nimezoea kumtazama yule farasi mpaka ndani ya mifupa, lakini siku hiyo nami nikafumba macho. Nikasikia kwato kwenye saruji. Zinakwenda mbali, zinageuka, zinarudi. Nilisubiri ile moja inayochelewa, ile inayogusa chini kwa woga. Haikuja. Zilikuwa zinalingana, zinalingana, na mimi nikatamani waendelee kukimbia hata jioni.

Daktari akasimama mbele yetu anahema, jasho linamtiririka. Naye alikuwa amesikia. Akachukua ile karatasi ya meneja, akaiweka mgongoni kwa Tulia, akatoa kalamu sikioni. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kuandika mguu uliothibitishwa kupona.

"Haya, Mzee," akasema. "Safari hii nakuuliza wewe. Niandike mguu upi?"

Mzee Ramadhani alikuwa bado amefumba macho.

"Andika yote minne."

Daktari akaandika.